Mkono Uliozoea Mtungi

Vijana wa maabara, mmeniomba niwaandikie namna ya kutunza mtungi wa naitrojeni, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao pale kituoni muda mrefu kama mimi. Mtungi hauna siri. Upimeni kwa rula ya mbao kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, msiuburute sakafuni, na msiuzibe mdomo kwa kubana. Somo limeisha. Kurasa zinazobaki nitaandika jambo ambalo hamkuniuliza, nalo ni woga. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na tisa nikiogopa, na watu wakanipa sifa ya utulivu.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa tunajijua zaidi.

Nilianza baada ya wazazi wangu kuturudisha nchini kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, nilikozaliwa na kusomea. Ndiyo sababu naandika Kiswahili. Kinyarwanda nakizungumza vizuri tu, ila nikikiandika watu wanacheka. Kazi yenyewe ilikuwa uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, dume mwenyewe akiwa hayupo. Siku ya kwanza mfugaji mmoja alinizunguka mara mbili, akachungulia nyuma ya gari, akauliza, "Sasa hilo dume liko wapi?" Nikamwambia liko mfukoni. Akamwita mkewe aje asikie.

Aliyenifundisha ni Mzee Gaspari, mtu mfupi, aliyevaa koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe. Aliongea Kiswahili cha Bukavu kilichochanganywa na Kifaransa, na alikuwa na sheria moja tu. Mbegu iko kwenye mrija mwembamba kama ujiti wa ndani ya kalamu, na mirija imezama kwenye naitrojeni, baridi inayoweza kukuondoa ngozi ya kidole. Ukiuinua mrija juu ya shingo ya mtungi ukaanza kushangaa, mbegu inakufa, na hutajua. Haibadiliki rangi wala hainuki. Utakwenda kumpandisha ng'ombe wa watu kwa maji matupu, na mfugaji atasubiri bure.

"Mkono usifikiri, Consolata," alikuwa akisema. "Mkono ukianza kufikiri, mbegu imekufa. Chenye uhai, zamisha. Maswali, après, baadaye."

Alinifunga macho kwa skafu yake mwenyewe akanizoesha hivyo wiki mbili nzima: fungua, inua, chomoa, zamisha, funga. Mwisho mikono yangu ikawa inajua bila mimi. Nikiwa na msiba, nikiwa na homa, nikiwa nimegombana na mume wangu, mikono ilifanya. Woga ulikaa tumboni, mikono ikabaki mikavu. Nilimshukuru Mzee Gaspari hadi siku tulipomzika, na bado namshukuru, ingawa ile sheria yake ndiyo ilikuja kunimaliza.

Nilichoogopa miaka yote ni mtungi kukauka. Siku moja baada ya sikukuu ndefu niliingiza rula nikakuta vidole viwili tu vya naitrojeni, na ndani mlikuwa na mbegu za madume ambayo mengine yalishakufa zamani. Nilikaa chini sakafuni. Gari la kuja kuujaza lilichelewa mpaka mchana, nami niliukumbatia ule mtungi kama mgonjwa. Hakuna kilichoharibika. Lakini tangu siku hiyo nikawa napima hata siku zisizo zangu, nikiogopa kwamba kitu kitakufa mikononi mwangu na sura yake isibadilike.

Sasa nije kwenye farasi.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe silaha yake iko kichwani, unaiona, mnaelewana. Farasi ameificha kwenye miguu ya nyuma na anaongea kwa masikio. Kigali hii farasi ni wachache, na kwa miaka mingi nilimshukuru Mungu kwa hilo. Kisha tukapata kituoni daktari wa mifugo kijana, Daktari Yvonne, aliyekulia Kampala na kusomea nje, naye hakuogopa mnyama yeyote. Akaanza kwenda Ndera kila mwezi kwenye zizi la mama mmoja mwenye farasi wanne, na mimi nikawa wa kumbebea sanduku.

Mwenye zizi anaitwa Zuhura. Ni Mwislamu wa Nyamirambo, babu yake alitoka pwani na cherehani, na ukoo mzima umeishi kwa cherehani tangu hapo. Anashona hata matandiko ya farasi kwa mabaki ya vitenge, kwa hiyo farasi wake wanapita wamevaa maua na jogoo. Farasi hakuwafuga kwa anasa. Binti yake Salma alizaliwa na mwili unaokakamaa, miguu imekatana kama mkasi, mikono imejikunja. Mtaalamu mmoja wa viungo aliwahi kumwambia Zuhura kwamba mwendo wa farasi hulegeza nyonga za watoto wa namna hiyo. Zuhura akauza kiwanja, akanunua farasi. Watu Nyamirambo walimwona kachanganyikiwa.

Nilipomkuta, Salma alishakuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, maneno yake yanatoka polepole na mengi ni ya kukutania. Alinitazama nimejibanza ukutani na sanduku langu kifuani, akasema, "Mama... huyu... ndiye... anakuja... kutibiwa?"

Farasi wake aliitwa Subira. Mzee wa kahawia, mwenye baka jeupe puani, amehasiwa tangu udogoni huko Kenya alikotoka. Nilimwona kwa macho yangu siku Salma alipoteleza kutoka mgongoni mwake. Wale wengine, hasa mmoja mweusi anaitwa Kito, wakisikia kitu kimeanguka wanaruka ukuta. Subira alisimama na mguu mmoja hewani. Alikuwa ameunyanyua kupiga hatua, akahisi uzito umehama, akaubakiza hapo juu hadi Salma alipotolewa chini yake. Kisha akaushusha taratibu. Zuhura alimwambia sikioni, "Humura, humura," lile neno letu la kumtuliza aliyeogopa, ingawa mle zizini aliyeogopa nilikuwa mimi.

Subira alikuwa anazeeka. Meno yaliisha, na tumbo lilimsokota mara mbili mwaka ule. Ndipo Zuhura alipoleta habari ya kumnakili. Kuna wafadhili wa mambo ya watoto wenye ulemavu, wa huko nje, walikuja wakamwona Subira akifanya kazi, wakasema watagharamia.

Kituoni tulibishana wiki nzima. Mimi nilidhani ni mambo ya matajiri kuchezea kazi ya Mungu. Daktari Yvonne akanikalisha jikoni na chai ya maziwa.

"Mama Conso, sikia. Farasi anahasiwa akiwa mdogo, kabla hujajua atakuwa nani. Akishakuwa bingwa, hana mbegu. Utafanyaje? Unachukua kipande cha ngozi, unakuza seli zake, unaiweka seli kwenye yai la farasi jike lililotolewa kiini, jike mwingine anabeba mimba. Anazaliwa kama pacha wake, ila amechelewa miaka."

"Na wasio mabingwa?"

"Wako farasi wa porini wamebaki wachache sana duniani, wananakiliwa ili damu isipotee. Yuko nyumbu wa kubeba mizigo, yule mtoto wa punda na farasi. Huyo hazai kabisa, kwa hiyo akiwa mzuri, uzuri unaishia kwake. Na wako watu wanataka tu mnyama wao arudi."

"Huyo wa mwisho atadanganyika," nilisema. "Ngozi si tabia."

"Ni kweli. Mwambie Zuhura."

Nikamwambia. Zuhura alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja.

"Dada Conso, mimi si mtoto. Subira akifa amekufa. Simtaki arudi. Nataka nianzie pale alipoanzia yeye: miguu ile, mgongo ule, moyo usioruka. Mengine nitamfundisha, kama nilivyomfundisha yeye. Farasi kumi na moja nimejaribu, na ni huyu tu anayesimama. Mimi nina miaka hamsini na sita. Nikiondoka, Salma atapanda nini?"

Nikasema nitasaidia.

Kifurushi kilikuja kutoka maabara ya ng'ambo: kikasha cha povu, vifuko vya barafu, na vichupa vinne vyenye maji ya waridi. Viwili vya kutumia, viwili vya akiba. Siku ya kukata tulikwenda Ndera asubuhi. Daktari Yvonne alinyoa sehemu ndogo shingoni, chini ya manyoya marefu, akachoma ganzi, akatoa vipande viwili vya ngozi, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu. Subira hakutikisa hata sikio. Tulipokuwa tunatoka, Kito alipiga teke ubao karibu na kichwa changu, na vipande vya mbao vikaniingia kwenye nywele.

Daktari alikuwa na mkutano Kimihurura, akateremka njiani. Aliniambia wazi, na sitaki mtu amsingizie: "Mama Conso, kwenye friji, rafu ya kati. Usigandishe. Hizi seli hazijawekewa dawa ya kuzilinda, zikiganda zinapasuka. Kesho saa tatu wanakuja kuchukua." Nikaitika. Nilielewa kila neno.

Nilifika kituoni natetemeka bado kwa lile teke. Masikio yananivuma. Na mimi nikitetemeka, kuna kitu kimoja tu kinachonituliza. Nilifungua mtungi, nikainua kikapu namba nne cha kushikia mirija, nikazamisha, nikafunga. Nikaandika kwenye daftari la mtungi, kwa penseli: Subira, vichupa viwili, kikapu cha nne. Nikaosha mikono, nikanywa chai, nikajisikia vizuri kabisa.

Asubuhi yake nilifungua friji kutoa kikasha. Vifuko vya barafu vilikuwepo. Vichupa havikuwepo.

Mtu akikuambia damu inaganda, usimcheke. Nilisimama mbele ya friji mlango wazi mpaka ikaanza kulia. Saa ilikuwa mbili na nusu. Nilivitoa vichupa kwenye mtungi, vyeupe kama mawe, na mnajua nilifanya nini? Niliviyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, kama mrija wa mbegu, mkono ukifanya tena bila kuniuliza. Maji ya waridi yakarudi kuwa ya waridi. Vipande vya ngozi vikaelea mle ndani, vizuri, vinang'aa. Ngozi iliyokufa na iliyo hai zinafanana. Saa tatu mtu wa vifurushi akaja na kofia yake ya pikipiki mkononi. Nikampa kikasha, nikasaini. Kisha nikachukua kifutio nikafuta ile penseli.

Niligeuza kifutio upande wa wino pia, nikasugua mpaka karatasi ikawa nyembamba. Mkitaka, iangalieni. Iko kwenye daftari la kijani.

Wiki ya kwanza maabara waliandika kwamba wamepokea. Wiki ya pili waliandika kwamba hakuna kilichoota bado, na kwamba ngozi ya mzee huchelewa. Zuhura alianza kunipigia kila jioni saa kumi na mbili akifunga duka. "Dada Conso, wamesemaje?" Namwambia bado. "Haya, Mungu yupo." Simu ikilia saa hiyo nilikuwa naiacha iite mara nne kwanza. Nilibadilisha mlio wake, haikusaidia. Mume wangu akaanza kuniuliza kama naumwa, nikamwambia ni presha, na kweli nilipopima ilikuwa imepanda.

Niliogopa nini? Nimejiuliza sana. Kustaafu kulikuwa kumebaki miezi miwili. Daktari Yvonne ndiye aliyesaini fomu za maabara, lawama ingempata naye. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni mdogo zaidi na unaniaibisha: niliogopa uso wa Zuhura. Niliogopa ule uso utakavyonitazama mara tu nitakapomaliza sentensi. Basi.

Wiki ya nne aliniita dukani Nyamirambo anipime gauni la kuagwa kazini. Alisema hatakubali nishonewe na mtu mwingine. Alikuwa nyuma yangu, utepe wa kupimia mabegani. Kioo mbele. Nikasema, "Mama Salma, ile ngozi..."

"Usitikisike," akasema, pini mdomoni. "Mabega yako yamepungua, dada. Unakula?"

Nikasema nakula. Alipima kiuno, akapima mikono, na mimi nikasimama pale nikijitazama kwenye kioo. Nilikuwa na muda wa kuisema mara tatu. Salma alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu mlangoni, akanitazama kupitia kile kioo, hakutania kitu.

Wiki ya tano, Alhamisi, Daktari Yvonne aliniambia kwenye korido kwamba tumbo limemsokota Subira mara ya tatu, hali chakula, na haifai kumtesa. Watampumzisha kesho asubuhi. Zuhura amekubali bila hata kulia sana.

"Amekubali?"

"Amesema moyo wake umetulia, kwa sababu ngozi yake imeshafika salama. Shimo limeshachimbwa. Kesho hiyo hiyo anazikwa."

Nilishika ukuta. Akauliza nina nini, nikasema presha.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa getini Ndera. Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kacyiru, kikasha nimekibana kati yangu na mgongo wa dereva, ndani vichupa viwili vya akiba na barafu mpya. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Nilikuwa nimeamua kusema. Zuhura akanifungulia, macho mekundu, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo.

"Umekuja kumuaga."

"Nimekuja kuchukua ngozi nyingine," nikasema. "Kwa tahadhari tu. Huwezi kujua safari ya ndege."

Hivyo ndivyo ilivyotoka. Sikuipanga. Zuhura alinishika mikono miwili. "Allah akulipe, dada. Mimi nisingefikiria hata." Daktari Yvonne naye akasema ni wazo zuri sana, angepaswa kuliwaza yeye.

Subira alikuwa amesimama kwa shida, kichwa chini, jasho limemkaukia. Niliomba nimshike mimi. Sikuwahi kumshika farasi. Nilisimama begani kwake, kama Zuhura alivyonifundisha, nikashika kamba, na nikatetemeka kiasi kwamba kamba nzima ilitetemeka. Aligeuza sikio moja kwangu. Kisha akafanya kama alivyomfanyia Salma siku ile: akasimama. Mgonjwa vile, tumbo linamkata, alisimama asitikisike hadi kisu kilipomaliza. Mimi nililia, na wote wakadhani namlilia yeye.

Vichupa sikuvigusa. Nilimwambia Daktari, "Beba wewe, uweke mwenyewe." Akasema sawa.

Walimsogeza Salma akaweka mkono wake uliojikunja shingoni kwa Subira, pale palipokuwa na jeraha dogo la safari hii na kovu la safari ile. Alimwambia neno moja kwa dakika nzima, nalo lilikuwa "Ahsante." Daktari akachoma sindano. Zuhura akasoma dua. Wakati wa sala ya Ijumaa alikuwa ameshafunikwa udongo.

Wiki tatu baadaye maabara waliandika. Ngozi ya kwanza ilikuwa imekufa kabisa, labda kwa sababu ya usafirishaji. Ya pili imeota vizuri. Wakampongeza fundi aliyekuwa na busara ya kupeleka ya pili.

Siku ya kuniaga mlikuwepo wengi wenu. Mlikula brosheti, yaani mishkaki, mkanywa Fanta, mkanipa agaseke, kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka, kizuri sana. Bosi alisimama akasoma ile barua ya maabara kwa sauti. Akasema wahimilishaji wapo, ila mwenye tahadhari kama Consolata hajaona. Zuhura alikuwa amekaa mstari wa mbele, akapiga makofi kuliko wote. Nilikuwa nimevaa gauni lake. Lilinibana mabegani, kwa sababu tangu ile barua nilikuwa nimeanza tena kula.

Mliponiomba hizi kurasa, niliona nimepata mlango. Nikaandika kosa la mkono, lile la mtungi, nikaandika vizuri na maneno ya Mzee Gaspari nikayaweka. Kisha nikaandika hivi: "Nilipogundua, nilikwenda Ndera kuchukua ngozi nyingine." Sentensi moja. Lakini sikuthubutu kuwaletea ninyi kabla Zuhura hajaisikia. Nikaenda dukani, nikakaa kwenye kile kiti cha wateja, nikamsomea.

Alisikiliza cherehani ikiwa imezimwa. Nilipomaliza hakuniangalia.

"Mkono nimeusamehe," akasema. "Mimi mwenyewe nimewahi kukata kitambaa cha bibi harusi kwa vipimo vya mama yake. Mkono ni mkono. Uligundua lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake asubuhi."

"Ndiyo."

Alihesabu kwa vidole, polepole. "Jioni ngapi nimekupigia mimi? Nikakupima gauni. Na kama tumbo lingemmaliza usiku, Conso, kabla wewe hujapanda hiyo moto yako?"

"Ungemzika," nikasema. "Na ningekaa kimya."

Sikujua kama ni kweli mpaka nilipolisikia linatoka. Zuhura aliinuka, akaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Hizo wiki tano hujaziandika," akasema. "Nenda ukaandike. Halafu ndiyo uwape hao watoto wako."

Nimeziandika. Mmezisoma hapo juu. Mtakaporithi mtungi, rithini na hilo: mkono utakosea, hasa mkono uliofundishwa vizuri. Mwaka huu, mwaka ujao, utakosea. Siku hiyo hiyo nendeni mkaseme, na woga wenu wote, na sauti ikitetemeka. Msingoje mpate ujasiri. Mimi niliungoja wiki tano haukuja, na badala yake ulikuja uongo.

Baada ya siku ile simu ya saa kumi na mbili ilinyamaza. Wiki moja, mbili. Wiki ya tatu nilipiga mimi. Ilipokelewa, nikasikia kelele za kwato na Salma akicheka mbali.

"Huyo jike wa kubeba mimba bado hajazaa," Zuhura akasema bila salamu. "Na akizaa, mtoto atafundishwa miaka mitatu, minne, ndiyo apandwe. Huku nimebaki na Kito, na Kito hasimami. Uje Jumamosi umshike kichwa, Salma apande."

"Mama Salma, mimi namwogopa Kito. Unajua."

"Najua. Saa tatu."

Nimekwenda Jumamosi sita sasa. Kito ananiona, anabana masikio, anaanza kupiga chini, na Salma yuko juu, miguu yake imekatana, inangoja kulegea. Naishika kamba chini ya kidevu, mikono imelowa.

"Mama Salma," nasema, "naogopa."

"Nimesikia," anasema Zuhura kutoka upande wa pili. "Shika."